CD ya Harusi ya Muthoni

Jumamosi, Juni 1999

Na kumbe mimi ndiye nilikuwa natukana mashine ya watu bure.

Siku tatu mashine ya michezo ya TV aliyotutumia binti yangu Muthoni kutoka Uingereza inacheza mpira na magari vizuri, lakini CD ya video ya harusi yake, aliyosema itaonekana humo humo, imeikataa. Harusi yenyewe sikuiona. Akipiga simu anaongea kidogo tu, nami naogopa anateswa huko na ananificha.

Mjukuu wangu Wambui alikuwa ameshika bisibisi. "Shosho, hii imekufa."

"Ife iniache mimi mzee? Haina adabu."

Jioni nikikamua ng'ombe, nikachovya kidole kwenye mafuta ya kupaka chuchu, ndipo nikakumbuka. Ile CD niliipangusa na aproni ya kukamulia, ati ing'ae!

Tukaiosha na sabuni. Wambui akacheka mpaka akakaa chini. "Shosho, umepaka harusi mafuta ya ng'ombe!"

Picha ikakuja. Ilikwama mara mbili, lakini Muthoni nimemwona.

Amenona. Anacheka na meno yote, na yule mume anamshikia gauni lisiguse matope.

Leo nitalala.