Taa Zilizojishusha Zenyewe

Jumanne, 1 Julai

Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimerudi. Githinji bado anaosha gari. Mume wangu huyu hajawahi kuosha hata sufuria. Gari ni kuukuu la kutoka Japani, lakini linajishikia breki, linajiweka katikati ya njia, na taa kali linazishusha lenyewe likiona gari jingine. Ati hata akisinzia litamfikisha Nyeri. Nilimwambia barabara hii ya Mweiga ina punda na watoto. Akanicheka. Sipendi kuchekwa.

Ijumaa, 4 Julai

Githinji amemgonga Nyambura. Dada yangu wa kunifuata.

Giza lilikuwa linaingia, ukungu kila mahali. Nyambura alikuwa kando ya barabara akingoja kuvuka. Gari likaja na taa kali, kisha zikashuka. Hapa kwetu kila mtu anajua maana yake: nimekuona, vuka. Akavuka. Breki zilijishika, lakini lami ilikuwa na maji.

Paja limevunjika.

Jumamosi, 5 Julai

Sijalala. Hasira tu.

Kila anayekuja kutupa pole, Githinji anamweleza. Yeye hakumpa ishara ya taa. Gari lilizishusha lenyewe, pengine liliona pikipiki iliyokuwa ikija. Wanaume wakatoka nje kuangalia vitufe. Vitufe! Hakuna aliyeuliza habari za mguu. Chai yao nimeimwaga.

Kama si yeye aliyemwambia avuke, ni nani? Chuma?

Nilimrushia funguo za gari. Nilitaka zimpate usoni. Zikapiga ukuta.

Jumanne, 8 Julai

Hospitali, Nyeri. Wamemtia chuma ndani ya mfupa. Githinji akasimama miguuni pa kitanda, akaanza tena hadithi ya taa. Nyambura akamkatiza, polepole.

“Shemeji, wacha mambo ya taa. Wewe uliniona?”

Githinji akautazama mguu uliofungwa.

“Sikukuona. Niliachia gari iangalie.”

“Mimi niliona ni gari yenu,” Nyambura akasema. “Ndiyo maana sikuogopa.”

Nilitoka nje. Ningebaki ningempiga Githinji mbele ya wauguzi. Njia nzima hadi nyumbani nilikaa kiti cha nyuma. Aliendesha mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, kama mwanafunzi. Hata hilo liliniudhi.

Jumapili, 24 Agosti

Nyambura anatembea na magongo. Leo alitaka kwenda kanisani kwa miguu. Githinji alitufuata nyuma, amebeba mkoba wa Nyambura.

Tulipofika barabarani lori likapunguza mwendo, likasimama. Dereva akatoa mkono dirishani, akatuashiria tuvuke. Niliuona uso wake, alikuwa mzee mpole. Nyambura hakusogea. Nikamgusa kiwiko. Akatikisa kichwa. Dereva alingoja kidogo, kisha akaenda.

Barabara ilipokuwa tupu pande zote, tukavuka.