Koti la Mifuko Tisa

4 Juni

Mama yangu, shikamoo. Mimi mzima, ila kazi inanimaliza; tangu nianze kutangaza televisheni hata kula nasahau. Presha yako vipi? Na Kaka, anameza dawa zake? Nina ombi. Lile koti lake la mifuko tisa, naomba niazime. Nimemkumbuka mno, nataka nilitundike chumbani niwe naliona nikiamka.

Mwanao

12 Juni

Marahaba, mwanangu. Presha imetulia, na kaka yako dawa anameza bila kusukumwa. Koti hilo kwenye kifurushi. Alikataa siku nzima, nilipomwambia ni wewe unalitaka akalivua mwenyewe. Unajua mifuko ile nilimshonea ili asihangaike akipoteza vitu. Vitu vyake vimo, anakuomba usivitoe. Mwenzio nimelia kwa furaha, nilidhani umetusahau.

Mama

3 Julai

Mama, shikamoo. Mbona hupokei simu? Mambo yameniharibikia. Kwenye ile sherehe ya mavazi ya watu maarufu nilivaa kama kichaa wa stendi. Utani tu, ukumbi mzima ulicheka! Kesho yake mitandao ikaniwakia, eti nadhihaki wagonjwa kwa koti la kaka yangu mwenyewe. Nimeomba radhi kwa yeyote aliyekwazika, hawasikii. Bosi kanipa mpaka Ijumaa. Tafadhali, jirani awarekodi wewe na Kaka mkisema koti mlinipa kwa hiari na hamna kinyongo. Dakika moja tu, Mama. Mkikataa sina kazi.

Mwanao

10 Julai

Marahaba. Sisi wazima. Ijumaa imepita, nimeiacha ipite makusudi.

Tulikuangalia. Mimi mjinga niliita na majirani waje wamwone mwanangu. Ulipoanza kuimwaga ile mifuko jukwaani, vifuniko vya chupa, tiketi kuukuu, picha yako ya shule, watu wakashangilia. Kaka yako akapiga magoti mbele ya televisheni, akawa anapapasa sakafu yetu aviokote. Majirani wakaaga mmoja mmoja.

Hiyo video yako aliitaka, tena sana. Alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akakaa kitini tangu asubuhi akimsubiri jirani na simu. "Mdogo wangu watamfukuza," ananiambia. Jirani alipofika, mimi ndiye niliyemrudisha mlangoni.

Kaka yako alikusamehe kabla hujaomba. Mimi nimeshindwa, na simu usinipigie.

Mama wa kaka yako