Kichwa cha Sindano kwa Sahani ya Babu

4 Februari

Mume wangu mdogo,

Hujambo huko uliko? Umekula? Usinijibu "nimekula" kwa adabu, nijibu kweli. Mimi mzima, isipokuwa sikio la kulia limefunga duka. La kushoto bado linauza, lakini kwa rejareja. Daktari kalichungulia, kasema ni uzee, hauna dawa, na la kushoto litafuata. Nikamwambia asante kwa habari njema.

Anayeandika ni fundi cherehani wa chumba cha pili, unamjua. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinipambe.

Sasa sikiliza. Ulipoondoka nilikupa sahani ya sauti ya babu yako kwa mkono wangu, maana santuri yetu ya kuichezea ilikufa na huku hakuna wa kuifufua. Ukasema huko mashine zipo. Nataka kumsikia kabla sikio la kushoto nalo halijafunga.

Unajua mimi shule nimeipita kwa nje tu. Babu yako alipokuwa kibarua wa daraja, wenzake waliwaandikia wake zao barua, zikasomwa na majirani. Yeye akaona haya. Akaenda kwa mpiga picha mmoja aliyekuwa na mtambo wa kunasa sauti kwenye sahani, akasema nami dakika mbili. Ndiyo barua pekee maishani niliyoisoma mwenyewe.

Iweke kwenye mashine, inase kwa simu yako, itume kwa simu ya fundi. Basi. Si kazi ya kuchimba kisima.

Bibi yako,
mkeo wa kwanza


20 Februari

Shikamoo Bibi, mke wangu wa kwanza na wa mwisho mpaka sasa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na la kushoto bado liko wazi. Mimi sijambo. Kazi ni ile ile ya kufua shuka za hoteli. Mashine zinanguruma kutwa, hakuna anayezungumza kwa kuwa hakuna anayesikia. Nimekula.

Mashine ya sahani nimeipata. Ni ya mtumba, ya daraja la chini, nimeiweka juu ya sanduku langu la safari kando ya kitanda. Tatizo, mkono wake umekuja mtupu, hauna kichwa. Kichwa ni kijikasha kidogo kama gego, ndicho kinachoshika sindano, na ndicho kinachosikia. Mashine yenyewe kazi yake kuzungusha tu.

Mtaa wa pili kuna duka la sahani, mwenye duka ni mzee. Kanionyesha vichwa vitatu. Cha kwanza rahisi mno, lakini kinakandamiza sahani kama buti la askari. Cha pili ni cha sumaku, sindano yake ina ncha ya duara, na uzito wake ni nusu ya hapo. Cha tatu kina ncha iliyochongwa kama yai, chepesi, kinasikia hata mtu akivuta pumzi, ila kinameza mshahara wangu wa wiki mbili. Mzee anasema sahani ya Babu si ya kiwandani, ni laini, kila ikichezwa inakwanguka kidogo. Kichwa kibaya kinaweza kuimaliza siku hiyo hiyo.

Bibi, iko moja tu duniani. Niache nichague vizuri.

Mumeo wa akiba


9 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Huku wazima wote, hata wasiostahili. Umesema umekula. Hukusema nini, wala na nani. Nimeliona hilo.

Fundi kanisomea habari ya vichwa vyako kwa kunipigia kelele sikioni, mpaka wapangaji wote wanaijua. Baba mwenye nyumba anasema nunua cha tatu. Balbu ya ukumbini imemshinda mwaka mzima, lakini kwa mfuko wa mwenzake ni bingwa. Mimi nasema cha pili. Cha kwanza ni jembe, cha tatu ni bwana harusi, cha pili ni mume.

Na hiyo hofu ya kukwangua iache. Alisema nisikie, hakusema ili akae ndani ya bahasha. Tena usidhani humo mna wosia. Dakika mbili zote kazimaliza kwa mbuzi! Jirani alikuwa na mbuzi anayekula nguo kwenye kamba, basi babu yako akauliza hali ya mbuzi kabla ya hali yangu. Akasema kamwota kavaa suruali yake ya harusi, na imemkaa vizuri kuliko yeye. Mwisho kabisa akasema, "Sasa mke wangu, neno lenyewe lililonileta hapa..." Sahani ikaisha.

Aliporudi nikamuuliza, neno gani? Akasema kasahau. Tukazeeka pamoja, nikimuuliza kila tukigombana, naye kasahau. Kaenda nalo kaburini, mshenzi yule, Mungu amrehemu.

Usiwe kama yeye. Fupisha.

Bibi yako,
mkeo


2 Aprili

Shikamoo Bibi,

Habari za hapo nyumbani? Nisalimie fundi, mpe pole ya koo. Mimi mzima, baridi tu imenikaba kidogo.

Habari ya kichwa inakwenda. Nimerudi dukani tena. Mzee ananiwekea kiti karibu na dirisha, anafunga kichwa kimoja kwenye mashine yake, anacheza sahani, anakifungua, anafunga kingine, anaicheza ile ile. Cha kwanza ni kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Cha pili kinasema wazi, ila kwenye herufi kali kinatema mate. Cha tatu, Bibi, unasikia kiti cha mpiga gitaa kikilia. Kisha kanifundisha jambo: cha pili na cha tatu ni kiwiliwili kimoja, sindano tu ndiyo tofauti. Naweza kununua cha pili leo, siku nikipata uwezo nachomoa sindano, nachomeka ile nzuri. Nikataka kulipa. Halafu akakumbuka kuna cha nne, kimetumika kidogo, mwenyewe atakileta Jumamosi.

Mzee hana haraka. Mkewe alifariki, watoto wako mbali. Ananitilia chai, ananiuliza huko kwetu watu wanasikiliza nini. Jumamosi nitakwenda tena nikakiangalie.

Mumeo wa akiba


21 Aprili

Mume wangu,

Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje? Kunywa kitu cha moto, lakini si dukani tu.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nikasikia vichwa vinne. Mara ya pili nikasikia mtu mmoja. Mume wangu, wewe huchagui sindano. Wewe unakwenda kuzungumza. Ukishanunua utakosa sababu ya kurudi kwenye kile kiti, ndiyo maana hununui.

Sikukaripii. Mimi mwenyewe gauni moja nimempelekea fundi alipunguze, kisha alipanue, kisha alipunguze tena, na hapa anaandika huku ananikodolea macho, leo ndiyo kajua. Upweke una ujanja wake. Lakini sikio langu halina Jumamosi nyingi. Asubuhi hii sufuria imeanguka nyuma yangu, nimeijua kwa kuona paka anakimbia.

Nunua cha pili. Kisha Jumamosi nenda dukani mikono mitupu, mwambie, "Baba, leo sinunui, nimekuja kukaa." Akikufukuza, niandikie nimtukane.

Bibi yako,
mkeo anayekuona hata asipokusikia


28 Juni

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kimya changu. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaona haya kama mtu aliyefumaniwa. Sikwenda dukani Jumamosi ile, wala zilizofuata. Nikipita mtaa ule navuka barabara. Nikitoka kazini nalala. Ile mashine juu ya sanduku nikaifunika kwa taulo.

Juzi mzee alinikuta sokoni. Akasema tu, "Kichwa chako cha pili bado nimekuwekea." Nikabeba mashine yangu mpaka dukani, nikakinunua. Kakifunga mwenyewe kwa skrubu zake mbili ndogo kama mchele, kanionyesha kuzungusha uzito wa nyuma ya mkono mpaka mkono ukaelea, halafu kuurudisha kidogo kidogo ili sindano itue kwa upole.

Sahani nimeicheza mara moja tu. Haikuharibika. Sauti nimemtumia fundi leo. Bibi, Babu ni kijana kuliko mimi! Alipofika kwenye suruali nilicheka kwa sauti humu chumbani, halafu nikanyamaza ghafla, maana hakukuwa na mtu wa kumwambia ninacheka nini.

Niambie umesikia.

Mumeo wa akiba


12 Julai

Mume wangu mdogo,

Hujambo? Mimi mzima wa mwili. Sauti imefika.

Umechelewa. Fundi hataki kuliandika hilo, nimemshika mkono mpaka kaliandika. Akiningurumia sikioni neno naliokota, lakini kasauti ka simu sikukapata. Tumeiweka simu sikioni, tumeiweka ndani ya sufuria, tumeiunganisha na redio ya baba mwenye nyumba. Nimepata mvumo tu, kama mtu anafagia nyumba ya tatu. Babu yako aliogopa majirani wasije wakasikia, leo majirani wamesikia wote, kasoro mimi. Nimelisema, basi. Usinijibu kwa msamaha, nitauchana.

Sasa nikwambie nilichofanya. Nilimkalisha fundi mbele yangu, nikamwambia, icheze tena, usinitazame, sikiliza. Nikamtazama uso. Kwanza kakunja paji, nikajua ni pale babu yako anapokohoa na kutaja jina lake lote, kana kwamba simjui. Nyusi zikapanda: mbuzi kaingia. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, machozi yakamtoka, nikajua hiyo ni suruali, nami nikacheka hapo hapo, pamoja naye, sikupitwa. Mwisho akatulia, mdomo wazi, anangoja. Nikamwambia, "Imeisha, mwanangu. Hata mimi nilingoja hivyo hivyo."

Kwa hiyo usiirudishe sahani kwenye bahasha. Icheze mpaka iishe, ni yako. Lakini usiicheze peke yako, nakukataza. Nenda kwa yule mzee, mpandishe ngazi mpaka chumbani kwako, kama kiti huna mkalishe kitandani. Hajui lugha yetu? Mfasirie pole pole, mbuzi ni mbuzi kila mahali. Wewe usiiangalie sindano. Mtazame yeye uso.

Kisha niandikie alicheka wapi.

Bibi yako,
mkeo