Mwaka Aliotufungia Gavana

Jumapili, 8 Juni 2025

Baada ya ibada, Lazare, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kanivuta kando. Bwana Akilimali yuko Sydney kwa mkutano wa vyuo vikuu. Jumamosi tunamkaribisha ukumbi wa kanisa, Guildford, na MC ni mimi. Nimsomee maisha yake yote kabla hajazungumza – kwetu mgeni mkubwa hapewi maiki bila kusomewa CV, hata kama chakula kinapoa.

Akilimali! Gavana wa mkoa wetu kule nyumbani, aliyefunga chuo chetu 2008. Tuliandamana kudai umeme na maji, akakifunga mwaka mzima. Mimi nilibakiza jambo moja tu, kutetea mémoire yangu, ile tasnifu ya kumalizia shahada, mbele ya juri ya maprofesa. Kabla chuo hakijafunguliwa, vita vikatukimbiza hadi kambi ya wakimbizi. Na sasa huyo huyo ndiye rekta, mkuu wa chuo hicho! Nilicheka peke yangu kwenye gari mpaka mke wangu, Chibalonza, akaniuliza kama niko mzima.

Jumatano, 11 Juni

Nimeandika CV yake kazini, ghala la mizigo la Wetherill Park, wakati wa break, juu ya katoni. Mwalimu wa jiografia. Mbunge wa mkoa. Gavana miaka sita. Akaondolewa. Kisha – hapa kalamu ilisimama – akarudi darasani kama mwanafunzi, ana miaka hamsini na miwili. Udaktari, uprofesa, urekta. Hamsini na miwili! Mimi nina arobaini na mmoja na najiita mzee.

Kwenye karatasi aliyotuma, kufungwa kwa chuo hakumo. Lazare kasema niache hivyo hivyo, mgeni haaibishwi. Chibalonza kasema nikiuruka mwaka ule nitakuwa nimejifuta mwenyewe. Nina hasira. Na naona aibu kwamba bado ninayo.

Jumamosi, 14 Juni

Bango la Lazare: KARIBU EXCELLENCE GOUVERNEUR. Kwetu mtu akishakuwa gavana ni gavana, hata ukimpa chuo kizima.

Nilisoma vizuri mpaka nikafika 2008. Nikasema: mwaka huo alifunga chuo, na mimi nilikuwa mwaka wa mwisho. Lazare akawa anakagua viatu vyake.

Akilimali akaja kuchukua maiki. Mfupi kuliko zile picha zilizokuwa zinatundikwa maofisini. Hakuhutubia.

"Ile amri niliisaini mu gari, njia ya airport," alisema. "Hata sikuisoma. Mémoire yako iko wapi?"

Iko kwenye sanduku, nikamjibu. Kurasa themanini na nne, namna barabara mbovu inavyopandisha bei ya unga.

"Tuma. Juri itaisoma. Mimi sitaingia mu juri, nitaikala nyuma nisikilize."

Nikatangaza chakula.

Alhamisi, 3 Julai

Barua pepe imekuja! Wanasema nitatetea kwa mtandao 9 Agosti, saa tatu asubuhi kwao, saa kumi na moja jioni kwetu. Gloire, binti yangu, ndiye aliyeskani kurasa zote. Ukurasa wa 31 una doa la mvua ya kambini. Aliuliza kwa Kiingereza kama kweli yote haya niliandika mimi. Nilijifanya natafuta miwani.

Jumamosi, 9 Agosti

Suti ya harusi. Kifungo kimegoma, nimeacha wazi. Chibalonza kapanga viti sebuleni mbele ya kompyuta, Lazare kaja na tai ya akiba.

Nimetetea dakika arobaini. Profesa mmoja aliuliza ningebadilisha nini leo. Nikamweleza ninayoyaona Wetherill Park: lori linalopandisha bei si lile linalokwenda polepole, ni lile lililosimama likisubiri. Akilimali alikuwa kwenye kidirisha cha pembeni, kimya, anaandika. Anaandika kweli!

Kisha juri ikajitenga kuamua. Kwetu hapo mtahiniwa hutoka chumbani. Nikatoka – nyumbani kwangu mwenyewe! – na sasa nimesimama kando ya mapipa ya taka na daftari hili. Gloire alinifuata kunieleza kwamba kompyuta imeshanitenga nao, hawanioni wala siwasikii, nirudi tu nikae. Nimemwambia nitasubiri nje, wenzangu wote walisubiri nje.

Dakika ishirini sasa. Naogopa. Ila ni woga wa mwanafunzi, na nilikuwa nimeukosa miaka kumi na saba.

Mlango unafunguka. Gloire tena.

"Dad, they're back."

Anasema mama yake na Lazare wameshasimama kusubiri matokeo yasomwe, kama nilivyowafundisha. Anauliza yule mzee wa kidirisha cha pembeni naye anatakiwa kusimama? Maana hajaambiwa na mtu, na amesimama.

Naingia.