Mgeni Asiyesali

Jumatatu, 2 Februari 2004

Kuchambua mbegu tangu saa moja asubuhi. Vumbi la dawa, pua imeziba. Ijumaa ndiyo siku ya kutia sahihi fomu za chama cha wafanyakazi. Tusipopita nusu ya wafanyakazi, mwajiri hatutambui, na sisi wanawake wa mbegu tutabaki vibarua mpaka tuzeeke. Wenzangu wanaogopa. Mimi mwakilishi wao pia naogopa.

Jumatano, 4 Februari

Nimeenda Bungoma kwenye ofisi ya chama, nikamchukua mgeni atakayetuhutubia Ijumaa, nikamleta Kitale. Mzee Lars, Mdenishi. Alikuwa akichomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli. Akafutwa kazi kwa kuongoza mgomo, wafanyakazi wenzake wakampigia kura akaingia bungeni. Msoshalisti kabisa. Anachechemea, goti bovu, lakini kicheko kiko karibu. Ugali alimaliza, akaongeza. Nimempenda.

Alhamisi, 5 Februari

Nyapara anaeneza ati mgeni wetu hamjui Mungu. Mjinga yule! Nikamuuliza mzee mwenyewe. Akasema ni kweli, hajasali tangu utotoni. Woi! Kesho maombi ya kufungua mkutano nitaongoza mimi, upesi upesi, kabla mtu hajauliza.

Ijumaa, 6 Februari

Ukumbi wa kukodi, Kibomet. Umejaa. Nyapara naye kajileta, kakaa nyuma.

Sijafungua mdomo, Mama Naliaka akasimama. Huyu akisema, wanawake wote wanasikiza. "Si mgeni ndiye atuombee leo?"

Mzee akaniambia kwa Kiingereza: yeye hasali, na hawezi kujifanya mbele ya watu anaowaheshimu. Mkalimani ni mimi. Ningesema ana kikohozi. Nilitaka sana. Lakini bosi hutuombea kila Jumatatu, na glavu hatupi. Nimechoka na maombi ya kujifanya. Nikatafsiri yote jinsi alivyosema.

Nyapara anatabasamu.

Mama Naliaka akamwangalia mzee, akamwangalia tena. "Basi keti, baba. Tutakuombea sisi."

Akaomba, bana! Akaombea goti. Akaombea meli zote za kwao. Akaombea fomu. Mzee kainamisha kichwa kwa adabu. Baada ya amina Mama akawa wa kwanza kushika kalamu, wengine wakapanga foleni. Tumepita nusu, tena kwa mbali. Nimelia mbele ya watu na sioni haya.

Jumatatu, 9 Februari

Mzee amesafiri jana. Asubuhi, langoni, nyapara ameniita "Madam Nekesa". Miaka yote nilikuwa "wewe". Nimeitika, nikaingia kazini.