Tundu la Pistoni

Mikelenge, Kindu

Kwa Baba Asumani, Lubutu

Salamu aleikum, baba. Natumaini mgongo wako umepoa na mama mdogo Aziza hajambo. Sisi huku tuko wazima, ila mvua imetuozeshea nusu ya muhogo. Hayo njo ya salamu. Sasa kaa chini, maana nakuandikia nikiwa na hasira na sitaificha.

Wafanyabiashara wa hapa wamenipa kazi ya kufufua kivuko ulichokuwa fundi wake, kile kilicholala ukingoni mwa Lualaba tangu vita. Injini inaunguruma vizuri, lakini mlango wa kupakilia magari unanyanyuka kidogo, unasita, kisha unashuka tena majini, na kivuko hakiwezi kuondoka. Wote wakasema njo ile pompi inayosukuma mafuta ya kuunyanyua, aliyoitengeneza Mpoyi, itupwe. Nikawakatalia. Si wewe uliyenifundisha kwamba fundi hatupi kitu ambacho hajakipima?

Nikafunga kipimo changu cha presio na mwendo wa mafuta hapo pompi inapotolea. Nikakaza skrubu yake polepole ili kuyabana mafuta. Presio ikapanda mpaka juu, na mafuta yakaendelea kutembea vilevile. Baba, pompi ni nzima! Nikakihamishia mbele ya mkono wa kuongozea, nako hakuna kasoro. Ikabaki silinda inayonyanyua mlango. Nikaisukuma pistoni hadi mwisho, nikafungua mpira wa mafuta wa upande wa pili, ambao haukupaswa kutoa hata tone. Mafuta yakamwagika kama bomba la mtaani. Yalikuwa yanapita ndani kwa ndani.

Kifuniko cha silinda kilikataa funguo zote. Nikakumbuka ule ufunguo wa meno mawili ulioutengeneza kwa mkono wako, ungali umetundikwa jikoni kwa marehemu mama. Nikaenda kuuchukua, ukaingia. Ndani ya pistoni nikakuta tundu. Si kutu, si kuchakaa. Limetobolewa kwa mashine, kingo zake zimelainishwa kwa tupa, vile unavyofanya wewe siku zote. Astaghafirullah! Nilikaa palepale juu ya chuma nikalia.

Sababu naijua. Wiki ile ya vita wenye bunduki walitaka malori yao yavushwe Alunguli, ng'ambo ya mto, na watu wote walikuwa wamekimbilia huko. Hata sisi, wewe mwenyewe ulitupeleka. Kwa kutoboa ili wasitufikie sikulaumu hata kidogo, Mungu akulipe. Lakini mama akashikwa na uchungu hukohuko. Mitumbwi ilikuwa imevunjwa na walewale, kivuko kimekufa, hospitali tunaiona ng'ambo. Akafa ukingoni na mutoto tumboni.

Halafu kwenye matanga ukasimama, ukamnyooshea Mpoyi kidole, ukasema pompi yake njo imemuua mke wako. Rafiki yako mliyefanya naye kazi ya relwe, kwenye treni! Tukamfukuza kabla hajatupa udongo kaburini. Tangu siku hiyo hakuna muntu aliyempa kazi, na watoto wetu wanakatazwa kumsalimia. Haya huna, baba? Kama ulisema vile kwa kuogopa bunduki, bunduki ziliondoka zamani. Nani amekufunga mdomo mpaka leo?

Jana nilienda kwake kumwambia kwamba pompi yake ni nzima. Macho yake hayaoni vizuri tena. Hakufurahi, hakunitukana. Aliniuliza tu kama wewe ulijua. Nikasema nina haraka, nikatoka. Jibu hilo si langu.

Kuliziba lile tundu ni kazi ndogo, na wenye kivuko wananisukuma nimalize. Sitaliziba. Pistoni iko chini ya kitanda changu, pamoja na ufunguo wako. Njoo useme ukweli mbele ya Mpoyi na mbele ya watu wa matanga yale, kisha tutaliziba pamoja, wewe na mimi. Najua wajawazito wa Alunguli wanangojea kivuko. Wewe unajua kungojea kule kulivyotuishia. Basi usikawie.

Mama mdogo umsalimie sana, na wadogo zangu wote. Njiani ujifunike vizuri, mgongo wako haupendi baridi.

Mimi, bado mwanao,
Mwavita