Stauti ya Ambakisye Dukani kwa Ayoub

JESHI LA POLISI TANZANIA
Kituo cha Polisi Tunduma, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Enesi Nambeye, mjane wa Ambakisye Kibona
Umri: Miaka 59
Kabila: Mnyamwanga
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima wa kahawa na maharage
Makazi: Isansa
Tarehe: 14 Novemba 2009, mchana

Mimi Enesi Nambeye nasema mbele ya Koplo Conjesta, kwa Kiswahili ninachokielewa, bila kulazimishwa na mtu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo sheria itanishika, na nimekubali.

Mnamo tarehe 14/11/2009, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa katika duka la matairi la Ayoub, lililo kando ya barabara kuu ukitoka Mpemba kwenda mpakani. Nilikuwa na mwanangu Danford Kibona, ambaye ananunua mahindi vijijini na kuyapeleka Mlowo kwa pikapu yake. Mvua zimeshaanza milimani Ileje, na kwetu Isansa zinanukia, na tairi zake zilikuwa vipara. Aliniambia, "Mama, twende ukanichagulie. Mzee alikuwa hanunui tairi bila wewe."

Hiyo ni kweli. Marehemu mume wangu alinunua pikapu aina ya Stauti mwaka 1988, biashara ya mtu binafsi ilipoanza kuachiwa. Kabla ya hapo tairi lilikuwa kitu cha kibali. Mtu aliomba, akangoja, akaletewa ambalo si saizi yake. Njia ilipofunguka tukawa tunavuka wenyewe hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Tulizunguka duka hadi duka, yeye mbele mimi nyuma, na wauzaji wa kule wakiniita "mayo", yaani mama kwa Kibemba. Ambakisye alilibonyeza tairi, akalinusa mpira wake, halafu akaniambia, "Ingiza kidole, mke wangu. Changu kinene." Nilikiingiza kwenye mifereji ya tairi na yeye akaangalia kimezama mpaka wapi. Watu walitucheka. Sisi wenyewe tulicheka.

Afande ameniuliza hayo yanahusianaje na ya leo. Nimemjibu kwamba yanahusiana.

Ayoub alitutolea tairi za aina tatu. Za kwanza zilikuwa za kashata, zile zenye meno makubwa, ambazo kwenye tope zinapanda kama mbuzi lakini kwenye lami zinalia njia nzima na kuisha upesi. Za pili zilikuwa za lami, laini, ambazo kwetu mvua ikinyesha zinakupeleka mtaroni. Za tatu alisema ni za misimu yote, masika na kiangazi. Danford alizipenda za kashata kwa sababu zinapendeza. Mimi nilimwambia achukue za misimu yote. Mume wangu alikuwa akisema tairi hilo si bingwa wa mahali popote, lakini halikuachi njiani.

Wakati tunabishana, mteja mwingine aliyekuwa amesimama karibu aliniamkia. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, Msukuma kwa lafudhi. Sikuwa namfahamu. Sasa najua anaitwa Luhende Ngolo, mfugaji na mkulima wa mpunga, mkazi wa Kamsamba kule bondeni. Aliniambia, "Shikamoo mama. Na mimi nisaidie. Kwetu masika ni ziwa, kiangazi ni vumbi tupu. Tena gari langu lina ugonjwa. Tairi la mbele kushoto linaliwa upande wa ndani peke yake. Mafundi wamenyoosha mpaka wamechoka."

Nilimcheka kidogo. Nilimwambia, "La kwetu lilikuwa hivyohivyo. Tulitumbukia kwenye karavati tukitoka Mlowo, na tangu siku hiyo halikupona. Mume wangu alikuwa akiligeuza tairi kwenye rimu kila msimu ukibadilika, upande wa ndani ukae nje. Chukua hizi za misimu yote, ukaligeuze hivyo."

Luhende alinishukuru, akazichagua hizo, nne. Fundi wa Ayoub alianza kumfungia tairi hizo huko nje. Danford naye alikubali, akabaki ndani akizungumza na Ayoub. Mimi nilitoka kupunga upepo.

Pikapu ya Luhende ilikuwa juu ya jeki. Imepakwa rangi ya bluu, na namba zake siyo zile ninazozijua. Nilikuwa naitazama tu kama mtu anavyotazama gari la zamani, maana Stauti zimebaki chache. Ndipo nikaona ngazi nyuma.

Naomba hii iandikwe kama nilivyoisema. Ambakisye alikuwa akibeba wanawake wa Isansa kwenda mnadani na kliniki. Mwaka 1990 nilipokuwa na mimba ya mwisho nilishindwa kupanda nyuma, kwa sababu mbele alikuwa amekaa mgonjwa. Siku ya pili alikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akachukua jembe la plau lililochakaa, akatengeneza ngazi ya kukanyagia chini ya bodi. Ilichomelewa upande, imeinama kidogo kulia, kwa sababu fundi alikuwa na haraka. Wanawake waliiimbia. Hakuna pikapu nyingine niliyowahi kuiona yenye ngazi ya jembe la plau.

Niliigusa. Ilikuwa ileile, imelala kulia vilevile, imeng'aa katikati kwa kukanyagwa.

Gari hilo liliibiwa mwaka 1996 hapo Mpemba. Mume wangu alikuwa ameingia kwenye nyumba ya msiba kutoa mkono wa pole, na alipotoka hakulikuta. Aliripoti kituo hikihiki. Tulitafuta mpaka ng'ambo, tusione kitu. Mume wangu alifariki mwaka 2001. Miaka ile ya mwisho, tukiwa shambani, pikapu ikipita barabarani aliacha jembe na kusikiliza. Mimi nilijifanya sioni. Nilikuwa nasubiri ainame tena, halafu na mimi nainama.

Nilimwita Luhende. Nilimwuliza gari alilipata wapi. Alisema, "Nililinunua mnadani, mama, miaka mitano iliyopita, kwa mfanyabiashara mmoja. Nilitoa ng'ombe. Karatasi ya mauzo ninayo nyumbani." Nilimwambia, "Hili ni gari la mume wangu. Liliibiwa."

Alizunguka akaja mpaka pale nilipokuwa nimeshika, akatazama ngazi. Aliniuliza nani aliitengeneza. Nilimweleza. Akasema, "Mke wangu aliipanda hiyo akiwa na uchungu, usiku tunamwahisha hospitali. Nilikuwa najiuliza mtu gani alifikiria kitu kama hiki." Halafu akatoa funguo mfukoni, akaniwekea mkononi. Angetaka kukimbia, mpaka uko pale mbele, na mimi ni mama mzee.

Wakati huo Danford alitoka. Aliniona nimeshika funguo na machozi yananitoka. Aliitazama ngazi na yeye. Danford alijifunza kuendesha kwenye gari hilo, akiwa amekalia mto ili aone mbele. Alipiga kelele, "Gari la baba! Huyu ndiye aliyeiba gari la baba!"

Kelele hiyo Tunduma inajulikana inavyokwisha. Walikuja wapakia mizigo, wakaja wabadilisha fedha, wakaja vijana wa pikipiki. Mmoja aliokota spana ya magurudumu ya fundi. Mwingine alimshika Luhende shati. Nilisikia mtu akisema, "Mwizi wa magari huyo, mmalizeni." Luhende alikuwa akisema, "Jamani, jamani nisikilizeni," lakini sauti yake haikufika mbali. Alipigwa ngumi, akapasuka mdomo. Aliyempiga simfahamu kwa jina.

Gari lilikuwa limeshashushwa kwenye jeki. Nilikanyaga ile ngazi nikapanda nyuma, nikasimama ndani ya bodi. Nilipiga bati la kabini kwa mkono mpaka wakanitazama. Niliwaambia, "Mwenye gari ni mimi! Aliyeibiwa ni mume wangu, naye yuko kaburini Isansa. Nani kati yenu nimemtuma ampige mtu kwa ajili yangu?"

Nikasema, "Huyu amenipa funguo kwa mkono wake. Mwizi anakupa funguo? Danford, mwanangu, simama mbele ya huyu mtu. Baba yako angesimama."

Danford alisitasita. Nilidhani hatanisikia. Kisha alimsukuma aliyekuwa na spana, akasimama mbele ya Luhende, mikono ameitanua. Alikuwa analia. Ayoub naye alitoka, akaita watu wake wakasaidia. Waliokusanyika walianza kupungua, wengine wakilalamika kwamba tumewapotezea muda.

Luhende ndiye aliyesema twende polisi. Alisema, "Mama, twende kwa wenyewe, waseme wao." Danford alitaka kuliendesha. Nilikataa. Nilimrudishia Luhende funguo, nikakaa mbele kushoto, mahali pangu. Danford alitufuata nyuma na pikapu yake.

Mlango wa upande wangu haufungiki mpaka uunyanyue. Niliunyanyua bila kufikiri, na Luhende akanitazama. Ndani kuna harufu ya mpunga siku hizi, zamani ilikuwa kahawa. Dirisha bado linashuka nusu. Njiani tulikwenda polepole, Luhende amejifunga leso mdomoni. Aliniuliza, "Mzee alikuwa analiitaje?" Nilimwambia alikuwa haliiti jina, alikuwa analiambia tu "twende, bibi" wakati wa kupanda mlima. Luhende akasema, "Na mimi nalisemesha. Kwa Kisukuma." Nilimwuliza kama limewahi kumlaza porini. Alisema mara moja tu, na kosa lilikuwa lake, aliingia mtoni bila kupima kina. Nikamwambia Ambakisye naye aliingia mto hivyohivyo, tukalala juu ya magunia ya maharage tukihesabu treni zinazopita mbali, na ilikuwa miongoni mwa nyakati nzuri za maisha yangu. Sijui kwa nini nilimwambia mtu nisiyemjua. Sijawahi kuwaambia wanangu.

Tairi zile mpya zilikuwa kimya barabarani. Tumechagua vizuri.

Tulifika kituoni mchana. Luhende mwenyewe alimwambia afande wa kaunta, "Nimeleta gari ambalo mama huyu anasema ni lake, na mimi naona ni kweli."

Nimeulizwa kama ninamshuku Luhende Ngolo kwa wizi. Simshuku. Mwaka 1996 sijui alikuwa wapi, lakini leo nimemwona. Nimeulizwa kama kuna uthibitisho mwingine. Kadi ya gari iko nyumbani Isansa, Danford ataileta. Nimeulizwa kuhusu mwanangu. Alikosea kupiga kelele ile, naye amekiri, na ninaomba hilo lisimdhuru kwa kuwa ndiye aliyesimama mbele ya spana. Tairi zote nne ni mali ya Luhende, hata gari liwe la nani.

Nimeulizwa kama ninalitaka gari. Hapo nimeomba maji kwanza.

Ninalitaka. Nikisema silitaki nitakuwa nimedanganya, na nimeapa. Kupitia dirisha hili ninaliona limeegeshwa uani, na kila nikilitazama nangoja mlango wa dereva ufunguke, Ambakisye ashuke akijipangusa mikono. Ninalitaka naye akiwa ndani. Hilo halimo katika uwezo wa afande, najua. Kwa hiyo sheria iseme inavyosema. Mimi sitaki mtu afungwe, na sitaki familia ya Kamsamba ibaki masika yote bila usafiri kwa sababu ya machozi yangu. Likirudi kwangu, nitazungumza na huyu bwana kwa utu. Tutaelewana.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyatenda mimi mwenyewe. Nimesomewa, nimeyasikia yako sawa, na ninatia sahihi.

(Sahihi) E. Nambeye

UTHIBITISHO WA ASKARI
Mimi Koplo Conjesta nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, nikamsomea, akakubali na kusaini mbele yangu. Namba ya chesisi itakaguliwa na kulinganishwa na jalada la mwaka 1996. Gari limezuiwa kituoni. Mtuhumiwa ametibiwa jeraha la mdomo na kuandikisha maelezo yake.

Mtuhumiwa anastahili dhamana ya polisi lakini hana ndugu wala mwenyeji hapa Tunduma. Shahidi aliposikia hayo alirudi mezani kwangu na kuomba kumdhamini yeye. Nimemweleza kwamba si kawaida mtu wa upande ulioibiwa kumdhamini mtuhumiwa. Ameniuliza kama sheria inakataza. Nimemjulisha mkuu wa kituo, naye ameruhusu. Shahidi amesaini dhamana, na mwanawe Danford amesaini chini yake kama mdhamini wa pili. Wameondoka wote watatu kwa pikapu ya Danford kuelekea Isansa, ambako shahidi amesema mtuhumiwa atalala na kula mpaka Jumatatu, atakaporudi kuripoti kituoni.

(Sahihi) Koplo Conjesta